Kulinda bioanuwai na kupanga vipaumbele vya uhifadhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bioanuwai ni nini? Si idadi ya wanyama na mimea tu?

Idadi ya spishi ni sehemu yake moja. Mkataba wa Bioanuwai uliotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992 unataja ngazi tatu: tofauti za kijeni ndani ya spishi moja, tofauti kati ya spishi na spishi, na tofauti za mifumo ikolojia, kama vile misitu, vinamasi, nyika na miamba ya matumbawe.

Ngazi ya kwanza husahaulika kwa sababu haionekani kwa macho. Miaka ya 1970 mashamba ya mpunga barani Asia yaliandamwa na virusi vinavyodumaza mmea. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mpunga nchini Ufilipino walipima zaidi ya sampuli 6,000 wakitafuta ukinzani, wakaja kuupata kwenye mpunga pori kutoka India, Oryza nivara. Kinga hiyo ikahamishiwa kwenye mbegu zilizopandwa sehemu kubwa ya Asia. Mpunga pori huo ni nyasi ya majimaji isiyo na mnunuzi, na kabla ya virusi hivyo hakuna ambaye angeuweka kwenye orodha yoyote ya vitu vya thamani.

Kwa nini tuchague? Si kila kiumbe kinastahili kulindwa?

Kinastahili. Lakini tathmini ya mwaka 2019 ya IPBES, jukwaa la kimataifa la sayansi ya bioanuwai, ilikadiria kwamba spishi zipatazo milioni moja ziko katika hatari ya kutoweka, nyingi ndani ya miongo michache. Fedha, wataalamu na muda uliopo havizitoshi zote.

Anayesema hataki kuchagua huwa anachagua bila kujijua. Fedha zitaenda kwa mnyama anayependwa, mahali panapofikika kwa gari, au kwa mwenye sauti kubwa kikaoni. Kupanga vipaumbele ni kuzitaja sababu hadharani ili wengine wazipime na kuzipinga. Swali linaloongoza kazi yote ni hili: ni wapi kazi yetu italeta tofauti kubwa zaidi, tukilinganisha na hali itakayokuwapo tusipofanya kitu? Mengi yaliyo hapa chini ni njia za kulijibu, na makosa mengi ya uhifadhi yanatokana na kulisahau.

Orodha Nyekundu ni nini?

Ni orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN), iliyoanzishwa mwaka 1964, inayopima ukubwa wa hatari ya kutoweka kwa kila spishi. Zaidi ya spishi 160,000 zimekwisha kutathminiwa, na zaidi ya 45,000 kati yake zimo hatarini. Vigezo vyake ni vya wazi. Spishi ikibaki na wakubwa (namaanisha wanaoweza kuzaa) chini ya 50, inaingia moja kwa moja kundi la walio hatarini sana kutoweka. Wakiwa chini ya 250, ni hatarini kutoweka. Kasi ya kupungua nayo huhesabiwa, na pia udogo wa eneo wanamoishi.

Hatari haijagawanyika sawasawa. Kati ya amfibia, yaani vyura na jamaa zao, takriban asilimia 41 wamo hatarini. Papa na taa ni zaidi ya theluthi moja, ndege takriban asilimia 12. Wadudu na kuvu ni wachache mno waliotathminiwa, kwa hiyo kukosekana kwao kwenye orodha kusichukuliwe kuwa wako salama.

Basi si tuanze na zilizo hatarini zaidi, tushuke nazo hadi chini?

Hapana, na IUCN yenyewe imekuwa ikisema hivyo: orodha yake inapima hatari, haipangi kipaumbele. Hatari ni jambo moja kati ya manne. Mengine ni: tutapoteza nini spishi hii ikitoweka, je, kuna njia inayojulikana ya kuiokoa, na njia hiyo inagharimu kiasi gani ukilinganisha na kazi nyingine ambayo fedha hizo zingefanya.

Uchache peke yake unadanganya pande zote mbili. Mwaka 1974 kozi wa Mauritius walijulikana kuwa wamebaki wanne tu porini. Sababu zilijulikana: msitu kukatwa, sumu ya DDT, na wanyama walioletwa kisiwani na watu. Wahifadhi wakachukua mayai, wakalea vifaranga, wakatundika masanduku ya viota, na leo kuna mamia ya ndege hao. Kakapo, kasuku wa New Zealand asiyeruka, walikuwa 51 mwaka 1995. Walihamishiwa visiwa visivyo na paka wala cheche, mnyama mdogo anayewinda ndege, na sasa wamepita 200. Wachache hawa waliokoka kwa sababu kilichowaua kilijulikana na kiliweza kuondolewa.

Kwa upande mwingine, njiwa msafiri wa Amerika Kaskazini walikuwa mabilioni. Makundi yao yalifunika anga kwa saa nyingi. Uwindaji wa biashara na ukataji wa misitu ukawamaliza ndani ya miongo michache, na wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Aliyesubiri wawe wachache ndipo aanze kuwalinda alichelewa.

Tusubiri utafiti zaidi kabla ya kuamua?

Swali hili huulizwa kwa nia njema, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Utafiti ni muhimu, lakini kuna wakati unatumika kuahirisha.

Katika Kisiwa cha Christmas, eneo la Australia ndani ya Bahari ya Hindi, aliishi popo mdogo mwenye uzito wa gramu tatu hivi. Alikuwa hapatikani popote pengine duniani. Tangu miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakimfuatilia kwa vyombo vinavyonasa milio yake isiyosikika kwa sikio la binadamu, na mwaka hadi mwaka vyombo vilinasa milio michache zaidi. Walionya. Walipendekeza baadhi yao wakamatwe ili wazalishwe kifungoni. Ruhusa ya kuwakamata ilitolewa katikati ya 2009. Wataalamu walipofika, milio iliyosikika ilikuwa ya popo mmoja tu. Walitega nyavu usiku baada ya usiku bila kumpata. Mlio wa mwisho ulinaswa tarehe 26 Agosti 2009, na mwaka 2017 IUCN ilitangaza kwamba spishi hiyo imetoweka.

Hadi leo sababu ya kupungua kwao haijathibitishwa. Pengine isingethibitishwa hata kwa miaka mingine mitano ya utafiti. Lakini kuwakamata ishirini mapema kulihitaji uamuzi, wala hakukuhitaji kujua sababu. Idadi inaposhuka kila mwaka na spishi haina makao mengine, chukua hatua unayoweza kuirudisha nyuma baadaye, huku utafiti ukiendelea.

Nasikia kuhusu “maeneo motomoto” ya bioanuwai. Ni yapi?

Wazo hilo lilitolewa na mwanaikolojia Norman Myers mwaka 1988. Ili eneo lihesabiwe, liwe na angalau spishi 1,500 za mimea isiyopatikana kwingine, na liwe limekwisha kupoteza asilimia 70 au zaidi ya uoto wake wa asili. Leo yanatambuliwa maeneo 36, miongoni mwao Madagaska, Andes ya kitropiki na misitu ya milima ya Afrika Mashariki. Uoto wa asili uliobaki humo ni takriban asilimia 2.5 ya nchi kavu, lakini zaidi ya nusu ya spishi za mimea duniani hukua humo tu.

Wazo hili lilisaidia sana kuelekeza fedha, na lina mipaka yake. Misitu mikubwa ya Amazon na Kongo haimo, kwa kuwa bado haijaharibiwa kiasi hicho. Bahari haimo. Tena ni ramani ya mbali mno: itakwambia safu ya milima, haitakwambia bonde lipi. Kwa kazi ya karibu hutumika Maeneo Muhimu ya Bioanuwai, ambayo tangu 2016 yana kanuni moja ya dunia nzima na sasa yamefika zaidi ya 16,000.

Nina uwezo wa kulinda misitu miwili tu kati ya mitatu. Nichague yenye spishi nyingi zaidi?

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa hesabu iliyo sahihi. Tuseme msitu wa kwanza una spishi kumi za vyura. Wa pili una nane, na zote nane zimo pia kwenye ule wa kwanza. Wa tatu una tatu tu, lakini hazipo kwenye mingine. Ukichagua kwa wingi, utachukua wa kwanza na wa pili na kulinda spishi kumi. Ukichukua wa kwanza na wa tatu, umelinda kumi na tatu kwa kazi ileile.

Kanuni ni kuuliza kila eneo linaongeza nini juu ya yale yaliyokwisha kulindwa. Pamoja nayo huenda swali la pili: kuna eneo ambalo likipotea halina mbadala? Bonde lenye chura asiyeishi popote pengine huingia kwenye mpango kwanza, hata kama lina spishi chache.

Kwa misitu mitatu utafanya hesabu hii kwa kalamu. Kwa maelfu ya maeneo, yenye gharama tofauti na watumiaji tofauti, hutumika programu za kompyuta kama Marxan. Ilisaidia kupanga upya hifadhi ya Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe nchini Australia, ambako mwaka 2004 sehemu zisizoruhusiwa uvuvi zilipandishwa kutoka chini ya asilimia 5 hadi takriban asilimia 33 ya hifadhi. Walianza kwa kuigawa hifadhi katika kanda 70 za kiikolojia na kutaka kila kanda ipate angalau asilimia 20 ya ulinzi. Hivyo hakuna aina ya makazi iliyoachwa nje kwa sababu tu haikuwa na matumbawe ya kupendeza. Programu haikuamua chochote; iliwapa wapangaji na wavuvi chaguo kadhaa za kubishania.

Dunia imekubaliana kulinda asilimia 30 ifikapo 2030. Tukifika hapo kazi imekwisha?

Makubaliano hayo yalifikiwa Montreal mwezi Desemba 2022, na yanahusu nchi kavu na maji ya ndani, na pia bahari. Mwaka 2024 zaidi kidogo ya asilimia 17 ya nchi kavu na 8 ya bahari zilihesabiwa kuwa zimehifadhiwa. Lengo ni zuri, na mimi naliunga mkono.

Lakini asilimia ni kipimo kinachoweza kutimizwa vibaya. Duniani kote hifadhi zimeelemea miinuko, miteremko mikali na sehemu za mbali na barabara, yaani ardhi ambayo hakuna aliyeitaka kwa kilimo. Ardhi hiyo ingebaki salama hata bila kibao cha hifadhi. Bonde lenye rutuba, lenye spishi zake na trekta linalokuja, ndilo linaloachwa, maana lina wenye kulitaka na kulilinda kunagharimu. Nchi inaweza kufikisha asilimia 30 bila kuokoa kiumbe hata kimoja ambacho kingepotea. Kisha kuna hifadhi za kwenye karatasi, zenye tangazo la serikali lakini hazina mlinzi wala bajeti.

Ukisoma habari za hifadhi mpya, uliza: kulikuwa na tishio gani pale, na sasa nani analizuia?

Je, jibu ni hifadhi kila mara?

La. Mfano ninaoupenda ni wa tumbusi wa Asia Kusini. Kuanzia miaka ya 1990 spishi tatu zilianza kuporomoka. Tumbusi wa mgongo mweupe nchini India alipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mizoga ya ng’ombe ikabaki ikioza, na mbwa wa mitaani wakaongezeka. Hifadhi za taifa zilikuwapo na hazikusaidia. Mwaka 2004 watafiti walithibitisha sababu: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng’ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo alikufa kwa figo kushindwa kazi. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zilianza kupiga marufuku matumizi yake kwa mifugo, na dawa mbadala isiyowadhuru ndege, meloksikamu, ilikuwapo tayari.

Hata hekta moja haikutengwa, na bado hiyo ni miongoni mwa hatua kubwa za uhifadhi wa ndege katika karne hii. Ndiyo maana kwanza hutafutwa kinachoua. IPBES inataja visababishi vikuu vitano: kubadilisha matumizi ya ardhi na bahari, kuvuna na kuwinda kupita kiasi, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi, na spishi vamizi. Kila kimoja kina dawa yake.

Spishi vamizi zina uzito kiasi hicho?

Zinao, hasa visiwani na kwenye maziwa. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Ziwa hilo lilikuwa na mamia ya spishi za furu, samaki wadogo, wengi wasiopatikana kwingine. Sangara walipoongezeka ghafla miaka ya 1980, mamia ya spishi hizo zilitoweka au hazikuonekana tena, huku maji yenyewe yakichafuka kwa mbolea na taka. Sangara alileta biashara kubwa ya samaki, kwa hiyo hakuna anayezungumzia kumwondoa, wala haiwezekani.

Visiwani hali ni tofauti, maana panya na paka wanaweza kuondolewa kabisa. Kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki, kilitangazwa mwaka 2018 kuwa hakina panya, baada ya miaka kadhaa ya kumwaga sumu kwa helikopta. Kazi hufanywa mara moja na ndege wa baharini wanarudi kutaga. Ukiniuliza wapi fedha chache zinaokoa spishi nyingi, nitataja visiwa kwanza.

Ni haki kuwahamisha watu ili kulinda wanyama?

Historia ya uhifadhi imejaa watu waliofukuzwa kwenye ardhi za mababu zao, na uchungu huo bado upo. Zaidi ya kuwa dhuluma, mara nyingi ni mkakati mbovu. Katika Amazon, maeneo ya jamii za asili zenye haki ya ardhi inayotambuliwa yamepoteza msitu mchache kuliko ardhi inayoyazunguka. Makubaliano ya Montreal yanataja haki za jamii hizo ndani ya lengo lenyewe la asilimia 30.

Mpango wa vipaumbele uliochorwa bila wenyeji unakosa pia taarifa: nani anavuna nini, msimu gani, nani ataathirika. Gharama wanayobebeshwa watu isipohesabiwa, eneo linaonekana rahisi kwenye ramani na linashindikana ardhini.

Mbona fedha nyingi huenda kwa tembo, simba na panda?

Kwa sababu wanachangisha. Sioni ubaya wake pale ambapo mnyama mkubwa anahitaji eneo pana na viumbe wengine wananufaika naye. Ubaya uko pale makazi yake hayagusi wenye shida zaidi: konokono wa maji baridi, mimea ya mwamba mmoja, vyura wa korongo moja. Hao wanahitaji fedha zao wenyewe. Mpango wa EDGE, ulioanzishwa na Shirika la Zoolojia la London mwaka 2007, huwapa alama za juu viumbe walio hatarini na wasio na jamaa wa karibu kwenye mti wa uhai, maana wakitoweka linakatika tawi zima.

Inafaa kutumia fedha kwa spishi iliyobaki na wawili?

Faru weupe wa kaskazini, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa tawi la spishi ya faru weupe, wamebaki wawili, Najin na Fatu, wote majike, wanaoishi Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Wanasayansi wanatengeneza viinitete kwa mbegu zilizogandishwa ili vibebwe na faru weupe wa kusini. Kwa fedha zinazotoka mfuko uleule wa uhifadhi, ningeanza na spishi ambazo bado zina mamia na adui anayejulikana. Ila fedha nyingi za kazi hii ni za utafiti wa uzazi na zisingeelekezwa kwa konokono, na maarifa yanayopatikana yatawafaa wengine.

Kuzalisha kifungoni kunasaidia?

Kunasaidia kupata muda. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja kusini mwa Tanzania, kwenye majani yaliyoloweshwa na mvuke wa maporomoko, eneo la takriban hekta mbili. Ni mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha, na jike huzaa vitoto badala ya kutaga. Bwawa la umeme lilipoyachepusha maji mwaka 2000, mvuke ulikatika. Vyura 499 walipelekwa Marekani, na mabomba ya kunyunyiza maji yakafungwa korongoni. Waliobaki porini waliporomoka mwaka 2003, wakati ambapo ugonjwa wa kuvu wa vyura uligunduliwa pia pale. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 kizazi cha kifungoni kilianza kurudishwa. Bila wale waliochukuliwa mapema, hakungekuwa na wa kurudisha. Lakini mabomba yale lazima yaendelee kunyunyiza, maana chura bila mvuke wake hana pa kuishi.

Kikundi chetu ni kidogo. Tuanzie wapi?

Tafuteni kilicho kwenu ambacho hakipo kwingine, au kilichobaki sehemu chache sana. Angalieni kama eneo lenu limo kwenye ramani ya Maeneo Muhimu ya Bioanuwai. Andikeni tishio moja mnaloweza kulifikia wenyewe: mtego, mfereji wa taka, mmea vamizi, moto wa kila kiangazi. Hesabuni kabla ya kuanza, na chagueni mahali pengine panapofanana ambapo hamtafanya kitu, mpahesabu pia. Hatua hiyo ya mwisho hurukwa na karibu kila mtu, hata mashirika yenye fedha.

Tutajuaje kama tumefanikiwa?

Kwa kulinganisha na ambacho kingetokea msipokuwapo. Idadi ya miche iliyopandwa, mikutano na mabango hupima jasho lenu tu. Wakati mwingine spishi inaongezeka kwa sababu mvua zilikuwa nzuri miaka mitatu mfululizo. Wakati mwingine inapungua kwa asilimia 10 na kumbe mmefaulu sana, maana kwenye bonde lile msilolilinda imepungua kwa asilimia 60. Ndiyo sababu ya kuhesabu mahali pawili, kwa njia ileile, msimu uleule, na kuyatoa matokeo hata yakiwa mabaya, ili wanaopanga baada yenu wasirudie kazi isiyozaa kitu.